Nyumba Nimeiacha, Deni Lake Limenifuata

Mtunda, Kibiti
Mwezi wa Rajabu, 1993

Kwa Bwana Afisa Kodi,

Salamu nyingi, nikitaraji kiti chako bado kinakubeba. Mimi ni Mfaume bin Amri, mzee yule niliyeingia ofisini kwako juzi na jogoo kwapani. Jogoo hakuwa hongo. Nilikuwa nampeleka kwa mkwe. Ni wewe uliyemtazama sana.

Naleta malalamiko yangu kwa heshima zote, na zikipungua katikati nitaziongeza mwishoni.

1. Nilikuwa na nyumba Kibiti, jirani na stendi, nimempangisha Ismaily muuza mitumba, maana siku hizi za ruksa hata suruali ya Mzungu imeruhusiwa kufika Rufiji. Paa likavuja, suruali zikalowa, Ismaily akapiga kelele mpaka msikitini wakasikia. Nikamwita fundi Mshamu, akaezeka upya. Kabla sijamlipa akaenda Mloka kulima. Nilipoleta hesabu ya pango mwaka ule, nikaomba gharama ya paa ipunguzwe. Ukaniambia, mzee, hujalipa, hakuna cha kupunguza. Nikalipia kodi pango lote, kana kwamba paa lilijiezeka lenyewe.

2. Mwaka uliofuata nikamuuzia Abdulkarimu nyumba ile. Mara Mshamu huyo, karudi! Mpunga wake umeliwa na tembo, na kwa kuwa tembo hadaiwi, akanikumbuka mimi. Alikaa barazani kwangu, akala, akalala, akakoroma, mpaka nikamlipa kwa fedha nilizoweka za bati za nyumba yangu hii ya Mtunda. Sasa masika yanakaribia, na mimi na mke wangu tunahesabu nyota tukiwa kitandani. Nikakuletea stakabadhi yenye dole gumba la Mshamu. Ukasema, mzee, huna tena nyumba ya kupangisha, gharama hii haina pa kukaa. Yaani nilipokuwa na nyumba sikuwa na stakabadhi, nilipopata stakabadhi sina nyumba. Hivi viwili, bwana wangu, kwako vitakutana lini? Kiyama?

3. Mimi shule niliiona mlangoni tu, lakini chuo cha Kurani nilikaa. Mtu akimwacha mke haachi na deni. Mahari aliyoibakiza anadaiwa, hata kama bibi kashaolewa kwingine na kanenepa. Hujasikia kadhi akimwambia mwanamke kwamba mume huna tena, dai lako halina pa kukaa. Basi nyumba ile nimeiacha mimi, kaioa Abdulkarimu, na paa ndiyo mahari niliyoibakiza. Nimelipa kiungwana. Deni la zamani humfuata mwenyewe hadi kaburini. Na haki yake nayo imfuate, isiishie stendi ya Kibiti.

4. Kwa hiyo naomba mfungue hesabu ya mwaka ule, mpunguze gharama ya paa, mnirudishie kodi iliyozidi nikanunue bati. Mkiona uzito, andikeni kwamba nyumba haikuwa yangu kabisa, mnirudishie kodi yote, sitakasirika. Na hilo likiwashinda, njooni mlale kwangu mvua ya kwanza, pamoja na mafaili yenu. Yakilowa, tutajua kipi hakina pa kukaa.

5. Ama tangazeni kwa watu wote kwamba deni likivuka mwaka limekufa. Wenye maduka Ikwiriri watalia, sisi wengine tutapiga ngoma.

Nisalimie karani wako mwenye miwani, mama wa chai, na mlinzi aliyemkagua jogoo kuliko alivyonikagua mimi. Wote nawaombea afya na mabati.

Ni mimi mlipa kodi wako, mwaminifu kuliko paa langu,

Mfaume bin Amri

Nyongeza: Barua hii nimemsomea mke wangu Mwanamkuu, kwa majivuno. Nilipofika namba tatu akaacha kuchambua mchele. Akasema, baba, leo umenena kama kadhi. Sasa ile cherehani yangu ya mahari iko wapi, maana tangu ujana wangu naambiwa kesho. Anasema kodi ikirudi itapita mikononi mwangu bila kutua, iende Ikwiriri kwa muuza cherehani, na bati zitajijua. Kwa hiyo, Bwana Afisa, nakuomba unikatalie. Unikatalie haraka, kwa maandishi yenye muhuri mkubwa, kwamba deni la zamani halimfuati mtu hata hatua moja, nipate kumsomea. Kulowa tumezoea. Jogoo bado ninaye, nakuletea Ijumaa. Mkwe nimemwambia ameliwa na kicheche.