Kiumbe wa Kwanza Kuonekana

Jumapili, tarehe 4 Agosti

Nimeamua. Kiti kile ni changu.

Mwalimu wa baiolojia anakwenda hifadhi ya wanyama likizo hii inayokuja, na gari lake lina kiti kimoja kitupu. Wa kukikalia atachaguliwa Jumamosi, uwanjani shuleni. Kila mshindani alete mnyama mmoja na aonyeshe tabia yake mbele ya watu wote. Mbele ya watu wote! Hapo ndipo penye kazi. Mimi nikiitwa kujibu swali darasani huwa kama kakakuona: najikunja na kungoja hatari ipite.

Lakini tembo nimemwona kwenye karatasi tu, tena ukubwa wa kiganja. Twiga wangu hana shingo, panya walitafuna ukurasa. Siwezi kumaliza shule nikiwa nimewaona kuku na paka peke yao.

Nimepekua kitabu changu cha wanyama (hakina jalada, lakini kina akili) tangu asubuhi. Simba, haiwezekani. Nyegere, hana adabu. Halafu nikafika kwa bata. Kifaranga wa bata akitoka kwenye yai humfuata kiumbe wa kwanza anayemwona akitembea, na humshika kuwa mama yake. Niliruka kitandani nikagonga kichwa kwenye rafu.

Nyuma ya nyumba, kuku wa Mama ameatamia mayai ya bata! Mama humbebesha kuku kazi hiyo kila mara, kwa sababu bata wetu akishataga huenda zake matembezini. Mayai yataanguliwa wiki hii.

Sitahitaji kusema hata neno. Nitatembea tu, nao nyuma yangu kwa mstari kama askari wa gwaride.

Jumatatu, tarehe 5

Mpinzani ni mmoja: Kipaza, mtoto wa Mama Mdogo. Anaitwa hivyo kwa sababu akinong'ona darasani, mlinzi wa lango hugeuka. Leo ametangaza kwamba mnyama wake yuko nyumbani chini ya kitambaa, na kwamba siku ya siku nitashika kichwa. Nikamuuliza kwa upole mnyama huyo anakula nini. Majani, akasema. Analia? Halii. Ana pembe? Kipaza akatabasamu. Akasema anazo, nne.

Nne!

Nimekwenda mbio kwenye kitabu. Mnyama wa pembe nne kinamtaja mmoja tu, swala wa nchi za mbali sana. Kipaza kampata wapi? Na Mama Mdogo anaishi chumba kimoja! Swala analala wapi?

Jioni nikamtembelea kuku ili anizoee. Kitabu kinasema kuku anayeatamia huvimbisha manyoya kumtisha adui, na dawa yake ni kutoonyesha woga. Sikuonyesha woga. Nilionyesha mkono. Vidole viwili vimefungwa kitambaa.

Jumanne, tarehe 6

Nimetoka shule nikakuta mayai yameanza kutoboka! Mama alikuwa kwa jirani. Nikamfunika kuku kwa ungo (ametoa maneno ambayo sitayaandika hapa), nikayabeba mayai kwa shati.

Yalihitaji joto. Joto nyumbani kwetu liko mahali pamoja: kwenye taa ya Baba. Baba ni fundi cherehani, na chumba cha mbele ndicho karakana yake. Wiki hii anashona gauni jeupe la bibi harusi, linachukuliwa Ijumaa. Baba akishona haoni wala hasikii. Anakanyaga cherehani na kupiga mluzi, wimbo uleule mmoja tangu nizaliwe. Nikaingiza kapu la vipande vya nguo chini ya meza, nikateremsha taa yake ya akiba, nikalala kifudifudi kungoja. Hata hakutazama chini.

Yai la kwanza likapasuka. Kichwa hicho! Kimelowa, kinayumba. Ndipo nikapata wasiwasi. Kitabu kilisema "akitembea". Je, kutambaa ni kutembea? Jambo zito hili. Mtu hakurupuki. Nikaenda kuhakikisha.

Ukurasa ulisema akitembea, basi. Ila chini yake kulikuwa na habari za mbuni, kwamba hafichi kichwa mchangani hata kidogo, ni uzushi wa watu. Sikujua! Nikasoma mpaka mwisho.

Kurudi, wote wametoka. Wamejipanga ukingoni mwa kapu, wanautazama mguu wa Baba ukipanda na kushuka juu ya pedali. Wanautazama kwa mapenzi.

Nikapita mbele yao. Nikapita tena, kwa madaha. Waliniangalia kama mtu anavyomwangalia mpita njia.

Jumatano, tarehe 7

Baba ameamka kwenda msalani na vifaranga nyuma. Amefunga mlango, wakalia mpaka jirani akauliza kutoka upande wa pili wa ukuta kuna msiba gani. Mama amecheka akakaa chini. Anamwita Baba "mama watoto". Baba amenitazama tu, halafu akakitazama kitabu changu.

Sijakata tamaa. Nimefikiri kama mwanasayansi: wameona mguu, basi ni kiatu wanachokijua. Nikavaa kandambili za Baba, zile za buluu, nikapita uani. Wakaja! Wakanusa vidole. Wakainua macho polepole, goti, mkanda, shati, mpaka usoni. Wakageuka wakaenda zao.

Basi ni mluzi. Nikaupiga wimbo wa Baba, vizuri tu kwa maoni yangu. Vifaranga hawakusogea. Aliyekuja ni kuku, ambaye ana kisasi na mimi tangu jana. Nimemaliza jioni juu ya tangi la maji. Kitabu hakikusema kuku hukimbia kasi hiyo.

Alhamisi, tarehe 8

Msiba. Gauni lilikuwa limetundikwa, pindo linagusa sakafu. Vifaranga walimfuata Baba pale, wakapumzika juu ya pindo, wakafanya wanayofanya bata wakipumzika. Rangi ya kijani.

Baba akavua tepu ya kupimia shingoni. Tepu ile huivua akienda mazikoni tu. Akasema sentensi ndefu kuliko zote za mwaka huu: kwamba yeye ameshona miaka yote bila kuharibu kazi ya mtu, na kwamba ikifika Jumamosi jioni ndege hawa wako bado karakanani, basi wao na kitabu changu watalala nje.

Kitabu changu! Nimefua lile pindo mpaka ngozi ya vidole imekunjamana. Doa moja limegoma.

Kipaza naye kaniambia leo, bila kuulizwa, kwamba mnyama wake jana alipanda ukutani mpaka darini. Swala! Darini! Sikulala vizuri mchana wa somo la hesabu.

Ijumaa, tarehe 9

Gauni limechukuliwa. Juu ya doa Baba ameshona ua dogo la kitambaa, na bibi harusi amelisifu kuliko gauni lenyewe. Nikaona mzee katulia kidogo, nikamweleza mpango.

Mpango wenyewe: kesho Baba atasimama nyuma ya tangi la maji la shule. Mimi nitafungua boksi na kutembea kuelekea tangini. Baba atapiga mluzi. Vifaranga watakimbilia mluzi, lakini macho ya watu yataona wananifuata mimi. Ni tabia ya kinyonga: kuwepo bila kuonekana. Tangi ni la kijani, Baba analo shati la kijani.

Baba akakataa. Hapendi umati. Mama anasema siku ya harusi yao Baba alikaa nyuma ya nguzo, watu wakampa mkono wa pongezi mpambe. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na mtoto wa kakakuona ndiye mimi. Nikamwambia hakuna atakayemwona. Nikamwambia pia kwamba mwalimu amekubali kuwachukua bata wakae banda la shule moja kwa moja. Hapo akakata uzi kwa meno. Akasema, haya, lakini kutoka nyuma ya tangi hatoki.

Ushindi ninao mkononi.

Jumamosi, tarehe 10

Nitaandika yote, ingawa sitaki.

Shule nzima ilikuwepo. Nikaitwa wa kwanza. Nikafungua boksi. Mluzi ukasikika. Vifaranga wakainua vichwa. Nikaanza kutembea, na kwa hatua kadhaa nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote duniani.

Wakanipita. Wamepita katikati ya miguu yangu! Wakakaza mwendo, mimi nikakaza, wakanishinda. Kipaza akapaza sauti kwamba leo kaona mpya, bata wamepata kifaranga binadamu. Uwanja ukaangua kicheko.

Wakaingia nyuma ya tangi. Halafu Baba akatokea, kinyumenyume, akijaribu kuwakwepa asiwakanyage. Shati la kijani, tepu shingoni. Akageuka, akawaona watu.

Ule uso naujua. Ni uso wangu nikiitwa kujibu swali. Nikajua sasa atarudi nyuma ya tangi, na ningekuwa mimi ningerudi. Baba akanitafuta kwa macho, akaniona nimesimama peke yangu katikati ya uwanja na boksi tupu. Akaweka mikono nyuma. Akaanza kupiga mluzi. Akatembea uwanja mzima mbele ya watu wote, masikio yamemwiva, vifaranga nyuma yake kwa mstari ulionyooka kama mshono wake, mpaka aliponifikia akasimama kando yangu.

Wakapiga makofi! Mwalimu wa baiolojia akaniuliza kwa nini wanamfuata mzazi wangu na si mimi. Nikaanza kujikunja. Baba akanigusa kwa kiwiko.

Nikasema: "Walipokuwa wanatoka, mimi nilikwenda kusoma."

Ni sentensi yangu ya kwanza mbele ya shule. Mkuu wa shule alivua miwani akafuta machozi ya kicheko.

Kisha Kipaza akaleta chombo chake, akavuta kitambaa. Chupa ya kioo. Ndani yake, konokono.

Pembe nne! Majani! Ukutani! Natamani ardhi ipasuke, hata sasa ninapoandika.

Lakini la ajabu lilifuata. Kipaza akazungumza kwa sauti ya chini. Kipaza! Akasema konokono wake akisikia kishindo anaingiza pembe, kwa hiyo yeye amekaa naye mwezi mzima akijifunza kunyamaza. Akasema ukame ukija, konokono huufunga mlango wa nyumba yake kwa ute, akalala. Akaomba watu watulie. Uwanja mzima ukanyamaza, na pembe zikatoka moja moja.

Kiti kimekwenda kwa konokono. Mwenda pole hajikwai, wala hagombanii kiti. Mwalimu alisema Kipaza amemtazama mnyama mwenyewe. Akanigeukia, akanishauri kwa wema nikae na wale bata wangu wiki nzima, niwatazame tu. Akasema yuko tayari kuwachukua wakae banda la shule, kama tulivyopatana.

Baba akasema hapana, asante. Wamezoea.

Tumerudi kwa mguu, vifaranga nyuma. Karibu na nyumbani Baba akasema tumejitahidi. Tumejitahidi! Jioni amezungushia kona ya karakana uzio wa mabaki ya kitambaa, na pindo la kila nguo amelitundika juu. Kitabu kimelala ndani.

Jumapili, tarehe 11

Nimefuata ushauri wa mwalimu neno kwa neno. Asubuhi yote nimekaa na bata. Ni kazi nzuri, ina utulivu. Nimeweza kusoma sura nzima ya nyuki.

Ajabu ya Mungu! Mzinga mzima humfuata malkia mmoja. Mwenye malkia ana nyuki wote. Mwalimu atasafiri tena likizo ya baada ya hii, na mlinzi wa lango ana mzinga nyuma ya jiko la shule. Nimeosha chupa yenye mfuniko. Mama ameuliza ni ya nini, nikamwambia sayansi. Baba alikuwa akipiga mluzi, akaacha. Nadhani kifaranga alifanya kitu cha kuchekesha, sikuinua macho kuona.

Kitabu kinasema nyuki hawamchomi mtu mtulivu na mkimya. Shule nzima hakuna mkimya kuliko mimi. Kesho, wakati wa mapumziko, nafungua mzinga.