Mabaka Sita na Kura Tisa

Jumatatu, 3 Machi 2003
Kliniki ya ngozi, Machakos. Daktari Kasiva kanipapasa uso kwa kidole. Mabaka sita, makavu, yanakwaruza kama msasa: puani, kwenye paji, juu ya sikio la kushoto. Kasema ni jua. Sisi maalbino linatuumiza kuliko wengine. Bado si kansa, ila yakiachwa yanaweza kuwa. Kanipa dawa ya kupaka asubuhi na jioni, wiki nne. Uso utawaka na kubambuka, nisiache. Tena nivae kofia. Nikaitikia yote. Lakini tarehe 22 tunachagua mwenyekiti wa wauza maembe hapa Matuu! Nagombea na Mutiso, yule msema ovyo.

Jumamosi, 8 Machi
Wazo! Nikipaka mara tano kwa siku, nitamaliza mapema na kufika kwenye kura na uso mpya. Mke wangu Waruguru kasema dawa si ugali, eti ukimega matonge makubwa utamaliza haraka. Hajui siasa.

Alhamisi, 13 Machi
Moto! Jicho limevimba. Uso ni nyanya iliyopasuka. Mutiso anawaambia watu ugonjwa wangu unaambukiza. Levi wa vitunguu, rafiki yangu, kanisalimia kwa kiwiko.

Jumatatu, 17 Machi
Nimeacha dawa. Nimeificha kwenye gunia la mahindi. Waruguru nimemwambia imeisha. Vidonda nimevifunika kwa poda yake. Nafanana na andazi lililoungua likanyunyiziwa unga.

Jumamosi, 22 Machi
Mutiso kauliza mbele ya wote: mwenyekiti wa kujificha kivulini atapokeaje malori ya wanunuzi? Nikavua kofia. Saa tatu nzima juani! Jasho likateremsha poda hadi kwenye kola. Mutiso kura sitini na moja. Mimi tisa.

Jumatatu, 31 Machi
Daktari kauliza nimepaka wiki ngapi. Nne, nikasema. Kanigeuza kichwa kuelekea taa. Baka la sikioni limekuwa gumu, linatoa damu. Kakata kipande kikapimwe. Kauliza kama kuna mwingine nyumbani aliyeugua hivyo. Dada yangu Wagaki, nikasema. Yeye pia alianzia sikioni. Tulimzika mwaka tisini na sita, ana miaka thelathini na moja. Waruguru, aliyenisindikiza, katoka nje. Nilimsikia akilia.

Ijumaa, 11 Aprili
Majibu: kansa imeanza. Nusu ya juu ya sikio itakatwa Jumanne. Daktari kasema, "Bwana Kiama, una bahati, haijaenda mbali. Lakini usichelewe hata wiki moja." Waruguru kanishika mkono njia nzima.

Jumamosi, 12 Aprili
Levi kaniletea habari: kamati ya shule inachaguliwa mwezi ujao, na Mutiso kashachukua fomu! Hapana, sikio lisubiri hadi Juni. Daktari nitamwambia nimefiwa. Kesho saa sita, jua likiwa utosini na mwanga mzuri, napiga picha ya kampeni. Kichwa wazi. Masikio yote mawili.