Marufuku Kujishuhudia

Wananchi mnatangaziwa: hapa ofisini kwetu Wete, kompyuta haihudumiwi tena mpaka ijulikane ni ya nani. Mie ndiye mlinzi wa chumba cha seva, kwa hivo nasema ninachokijua.

Seva ina programu ya Java inayotoa vyeti vya kuzaliwa. Kompyuta ya sheha wa Wambaa ikitaka cheti, inapiga hodi. Seva inauliza: unashuhudiwa na nani? Kama watu tu.

Mkurugenzi wetu, Bwana Marhoun, akaona hatari. Akaamuru: "Ni marufuku kompyuta kujishuhudia. Shahidi ni mmoja, mimi." Halafu akaenda semina Unguja, hajamshuhudia sheha hata mmoja.

Wambaa ikapiga hodi, haina shahidi, ikafukuzwa. Wengine vivyo hivyo. Usalama ukapanda sana: hakuhudumiwa mtu.

Akaja Bi Kazija wa Wambaa, kafura.

"We Rajab, skuli wanafunga kuandikisha leo! Bila cheti mwanangu hasomi mwaka huu."

"Cheti kimo humu, Bi Kazija, kizima. Ila kompyuta ya kwenu haijulikani."

"Haijulikani! Si iko mezani kwa Sheha Nyange, kila siku naiona?"

"Haina shahidi."

"Na huyo Marhoun wenu, yeye kashuhudiwa na nani?"

Swali la kitoto. Mkurugenzi ni Mkurugenzi.

Mara huyo, kaingia na wageni kutoka Unguja kuja kuzindua mfumo. Akakaa kwenye kompyuta yake, akabonyeza. Seva ikajibu: HUJULIKANI.

Akabonyeza kwa nguvu. HUJULIKANI.

Fundi wetu, Radhiya, akamwinamia. "Bosi, kompyuta yako umeishuhudia mwenyewe. Na umepiga marufuku."

Mkubwa wa wageni akatazama saa. "Basi wekeni shahidi mwengine!"

Radhiya akaingia chumba cha seva, akamweka Sheha Nyange awe shahidi, Bi Kazija akimdhamini. Wambaa ikafunguka papo hapo. Nyange akapiga simu ofisini, sote tukamsikia: "Cheti cha mwanawe Kazija kishatoka, aje achukue."

"Na mimi, Sheha?" Bwana Marhoun akadaka simu. "Nishuhudie mimi, Marhoun!"

"Marhoun gani? Mie simjui. Nipe mtu wa Wambaa anayekujua."

Sote tukamgeukia Bi Kazija. Alikuwa keshafika mlangoni, anajifunga buibui.

"Namjua sana," akasema. "Lakini skuli wanafunga."

Akaenda zake.

Wageni wamerudi Unguja. Bwana Marhoun yuko hapa kwenye benchi, anangoja ajulikane. Usalama umepanda sana.