Kabati la Gloria na Gundi ya Mabua

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Asubuhi nzima sikushika randa. Nilikuwa nasikiliza. Olima, seremala wa ng'ambo ya barabara, ana binti, Sharon, anayesomea mambo ya mbao chuo kikuu. Yuko likizo. Alikuwa akimweleza baba yake kwamba gundi ya dukani hutokana na mafuta ya petroli, na kwamba sehemu ya mafuta hayo inaweza kuondolewa ikawekwa lignini. Lignini imo ndani ya mimea. Ndiyo inayoufanya mti usimame. Hata mabua ya mahindi yanayo. Akaeleza na namna ya kuitoa.

Olima akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Huyu ndiye aliyepewa mabenchi ya kanisa mara mbili mfululizo. Mimi nilipewa mlango wa choo. Safari hii namtangulia.

Jumatano, 6 Agosti
Watu wamevuna, mabua yapo tele. Nimechemsha gunia zima kwa kostiki, ile ya kutengenezea sabuni, nikamimina asidi ya betri. Nimepata uji mweusi. Kostiki imetoboa sufuria kubwa ambayo mke wangu Robi aliiazima kwa ajili ya harusi ya binti yetu Gloria. Nimemwambia ilikuwa imechoka.

Nimegandisha vipande viwili vya mbao, nikaning'iniza tofali. Limekaa mpaka jioni. Basi kabati la vyombo ninalomtengenezea Gloria kwa harusi halitakuwa na msumari hata mmoja. Robi ameuliza kwa nini nisitumie misumari kama watu wengine. Mtu wa namna hiyo utamweleza nini.

Ijumaa, 8 Agosti
Nane Nane. Sharon amekuja mwenyewe, na shikamoo yake. Aliligusa kabati, akanusa kidole.

"Mzee Nyamhanga, lignini peke yake haitoshi. Inachukua nafasi ya sehemu tu ya yale mafuta. Lazima uichanganye, halafu uibane kwenye joto kali. Hii yako ikikutana na maji ya sabuni itayeyuka."

Nikamwambia kabati halikai mtoni.

Akaniomba nipige misumari minane tu, ya miguuni, hakuna atakayeiona. Nikajua katumwa na baba yake.

Jumamosi, 9 Agosti
Harusi. Kabati limepelekwa Mbalibali kwa pikapu, kwa wakwe zetu, na limefika zima. Nilisimama nikawaeleza wageni kwamba limeshikwa na mabua yale yale wanayowapa ng'ombe. Joram, baba mdogo wa bwana harusi, aliuliza nilisomea nchi gani. Nilisema mambo hayo ni siri.

Gloria alinishika mkono. Alisema hajawahi kutengenezewa kitu kizuri hivi. Alilia. Na mimi pia, kidogo.

Olima naye alialikwa. Alipiga makofi polepole. Wivu.

Jumanne, 12 Agosti
Simu kutoka Mbalibali. Gloria aliamka akapiga deki nyumba yote kwa maji ya sabuni, kama bibi harusi anayetaka mama mkwe aone. Maji yakaingia chini ya kabati. Mguu mmoja ukateleza, wa pili ukaufuata. Kabati lilipiga magoti, kisha likalala kifudifudi. Sahani za zawadi zote zimekwisha. Na chungu cha marehemu bibi yake Steven, mume wa Gloria, ambacho mama mkwe Efrazia alikuwa amemkabidhi jana yake tu.

Efrazia hakumgombeza. Aliinama akaanza kuokota vipande. Gloria anasema heri angemgombeza.

Kisha akaniuliza, "Baba, ulikuwa umeambiwa?"

Nikasema mtandao unakatika. Nikazima simu.

Alhamisi, 14 Agosti
Olima amekwenda Mbalibali na mbao zake mwenyewe. Robi amefuatana naye. Kwa siku moja tu amelisimamisha kabati upya, na alikataa hata soda. Robi amenipigia kunieleza hayo yote, pamoja na hilo la soda, ambalo halikuwa na ulazima.

Wale wakwe wanamwita Olima baba. Mimi, Gloria ameomba nisiende kwanza. "Kwanza" ni mpaka lini, Robi hakusema. Amebaki huko kumliwaza mtoto. Hapa nyumbani nimekula viazi vya jana, baridi. Karakana nzima inanuka ule uji. Nilimbeba mtoto yule mgongoni mpaka zahanati ya Gorong'a siku ile ana homa na hakuna gari. Hilo hakuna anayelikumbuka.

Jumatatu, 18 Agosti
Sharon amekuja tena. Anatafuta fundi wa kuijaribu gundi yake halisi: kubandika, kulowesha, kuvunja, kuandika kila kilichoharibika, miezi sita. Alisema nina mkono mzuri. Alisema jina langu litaandikwa kwenye ripoti yake, na pengine Gloria angefurahi kuliona.

Nilimwambia mimi si mtu wa kujaribu. Mimi ni mgunduzi. Alishukuru, akaondoka.

Nimelifikiria jambo hili siku nne na nimeona kosa lilipo. Gundi haina tatizo. Tatizo ni sabuni. Nyumbani kwangu Gloria hajawahi kupiga deki namna ile.

Mchana kaja mvuvi mmoja, Oduol, kutoka Shirati. Kasikia hapa Tarime kuna fundi anayeunga mbao bila msumari. Shirati ni mbali, hayo mengine hayajamfikia. Anataka mtumbwi, maana misumari yake inaliwa na kutu. Wanapanda watano, yeye na wanawe.

Mimi si mzembe. Nilimuuliza kwanza kama ziwani kuna sabuni.

Alicheka, akasema hapana.

Tumepeana mikono. Kesho naanza kukusanya mabua.