Mkia wa Herufi Y

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu ameleta karatasi kutoka shuleni. Fomu ya maoni. Wazazi waseme ukweli kuhusu shule, wanafunzi nao waandike yao. Usiandike jina, imesema. Mara mbili. Kitu kikisemwa mara mbili hunitia wasiwasi.

Si shule ya mchezo. Ya serikali, wanaomba elfu mbili, wanaingia arobaini. Na ukiingia hujafika: kila mwisho wa muhula watano wa mwisho huhamishwa, nafasi zao zikajazwa wiki hiyohiyo. Binti yangu yuko kidato cha pili. Ni wa thelathini na nne. Hatua mbili kutoka shimoni! Hesabu hiyo naifanya kila nikipiga mswaki.

Jirani yetu Mfamasia, mwenye duka la dawa, alijigamba mbele ya wateja kwamba ameisifu shule mpaka karatasi ikajaa. Kwake rahisi. Kijana wake yuko darasa hilohilo, ni wa tatu.

Mimi nimeandika ukweli. Kwamba mwalimu wa hisabati anarudisha madaftari kwa kuyarusha. Kwamba ubao wa matokeo nje ya lango, wenye majina ya watano wa mwisho kwa rangi nyekundu, ni ukatili. Kwamba Mwalimu Mkuu ana moyo wa jokofu. Raha iliyoje! Nimeikunja, nimeitia kwenye begi la binti.

Jumanne, 4 Machi

Nilikuwa juu ya ngazi nikichora kibao cha kinyozi. Nikafika kwenye "y". Nikaganda.

Mkia ule! Mkia wa "y" unaojikunja kama wa kinyonga. Miaka ishirini nauchora. Uko kwenye kila duka la mtaa huu. Uko juu ya lango la shule. Uko kwenye ubao wa matokeo, kwa sababu ubao ule niliuchora mimi, na rangi nyekundu nilishauri mimi. Na uko kwenye fomu yangu, si chini ya mara kumi na tisa.

Nikakimbia nyumbani. Mke wangu, muuguzi, alikuwa amejinyoosha baada ya zamu. Nikamwuliza kama mwandiko wangu unatambulika. Akasema hata orodha yangu ya sokoni inaonekana kama inauza soda.

Binti aliporudi akasema fomu ameshaitumbukiza sandukuni. Sanduku lina kufuli. Ufunguo anao Mwalimu Mkuu. Wanafunzi humwita Mama Kimya, maana hajawahi kupaza sauti, wala haijawahi kuhitajika. Akijua ni mimi, mtoto atakwenda na maji.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa kwanza. Nimekwenda shuleni na ngazi na kopo la rangi, eti kibao cha lango kimechujuka. Shabaha: sanduku, mezani kwa karani. Nikamwambia karani ukuta ulio nyuma yake umebabuka. Akageuka. Nikapenyeza vidole viwili kwenye tundu. Nikagusa karatasi! Vidole vikakwama.

Ndipo nikasikia viatu. Taratibu. Ko, ko, ko.

"Fundi," akasema Mama Kimya, "nani amekuita?"

"Rangi, Mwalimu. Rangi ndiyo imenileta."

Akatazama mkono wangu. Akatazama sanduku. "Pole," akasema, akapita.

Pole! Pole ya nini? Ya vidole au ya mtoto? Karani alinikwamua kwa sabuni ya maji, akicheka peke yake.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango wa pili, wenye akili zaidi. Mwandiko wangu ukijaa kwenye fomu nyingi, nani atajua ipi ni yangu? Mwisho wa kupokea ni kesho. Nikabandika tangazo mlangoni mwa karakana: unaogopa mwandiko wako utatambuliwa? Njoo nikuandikie. Bure.

Nilitarajia watatu. Wamekuja ishirini na sita! Kumbe mtaa mzima unatetemeka.

Mwenye bucha, mtu wa kupasua mfupa kwa pigo moja, alininong'oneza kwamba binti yake anatafuna kucha mpaka damu. Dereva wa lori alimtungia Mama Kimya sentensi ambayo nilikataa kuiandika. Akasimama tu pale, upana wa mlango. Nikaiandika. Mama muuza mboga yeye alitaka niandike asante. Shuleni hapo tu, alisema, ndipo mtoto wake ameketi dawati moja na mtoto wa daktari na kumpita. Nikamwuliza, basi wewe huogopi? Akasema anaogopa kuliko wote: wenzake, watoto wao wakitolewa, wana pa kuwapeleka.

Mwisho kabisa, kwa mlango wa uani, akaingia Mfamasia. Miwani mkononi. Alitaka fomu ya pili.

"Andika kwamba kijana wangu hutapika kila asubuhi ya mtihani," akasema. "Na usimwambie mtu, ndugu yangu."

Hajawahi kuniita ndugu. Nikaandika.

Anatapika na bado ni wa tatu! Wetu hatapiki. Huenda hapo ndipo tunapokosea.

Ijumaa, 7 Machi

Fomu zote zimeingia sandukuni asubuhi. Ndipo akili ikanirudia. Zile nyingine nyingi ni kali kuliko yangu! Nilitaka kuficha tusi moja, sasa nimeandika ishirini. Nimejipalia makaa kwa beleshi langu mwenyewe.

Saa tisa, barua. Wazazi wote wa kidato cha pili pamoja na watoto wao, kesho saa tatu, ukumbini. Kufika ni lazima. "Lazima" imepigiwa mstari.

Nimetangaza homa. Mke wangu akanipima. Thelathini na sita na nukta sita. Akaniambia nipige viatu vyangu rangi.

Binti hakugusa chakula. Nikamwuliza yeye aliandika nini kwenye fomu yake. Akasema imesemwa bila jina, baba. Akaingia chumbani, akafunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza.

Jumamosi, 8 Machi

Ukumbi umejaa, hakuna anayekohoa. Mama Kimya mbele, rundo la fomu mezani.

Akasema amesoma zote. Akasema fomu ishirini na saba zina mwandiko mmoja. "Mwandiko huu naupita kila asubuhi langoni, miaka sita sasa."

Vichwa vyote vikanigeukia. Nikainama kufunga kamba za viatu.

Akasimama binti yangu.

"Mwalimu, baba yangu aliwaandikia watu. Usimhukumu kwa ajili yao. Ila ile fomu ya penseli ni yangu, na mwandiko ni wangu."

Mama Kimya akamwuliza kama anaweza kuisoma. Binti akasema haina haja, anaijua kwa moyo.

"Niliandika kwamba shule naipenda. Mtihani siuogopi sana. Ninachoogopa ni uso wa baba akiwa amesimama mbele ya ubao wa matokeo, ananitafuta kuanzia chini."

Sijui nilitazama wapi. Mke wangu alinishika mkono, akaubana mpaka ukauma.

Halafu mwenye bucha akasimama, akasema ile ya kucha ni yake. Dereva akasimama, akasema ile sentensi pia ni yake na hairudishi. Muuza mboga akasimama. Mfamasia alitazama viatu vyake. Kijana wake ndiye aliyesimama, mweupe kama chaki, akasema: anayetapika ni mimi.

Mama Kimya akavua miwani. Bila miwani ni mama tu, amechoka. Akasema utaratibu wa kuwahamisha watano hakuutunga yeye, ila ataandika barua wizarani kuuhusu. Ubao uko mikononi mwake. Utashushwa leo. Kisha akaniambia, fundi, lete ngazi.

Niliushusha mwenyewe. Binti alinishikia ngazi. Ilikuwa vizuri.

Jumapili, 9 Machi

Binti amelala mpaka saa nne asubuhi. Nimekaa sebuleni nikijilaumu. Nimemwonea mtoto. Nimemtia hofu. Nimeapa: kuanzia sasa, mapumziko!

Nimemchorea ratiba. Saa kumi alasiri, kutofanya kitu. Saa kumi na nusu, kucheka. Saa kumi na moja, kutembea bila sababu, dakika arobaini, bila kuzembea. Mke wangu ameitazama, akaenda kulala.

Nimepita dukani kwa Mfamasia kuona wenzetu wanaendaje. Akasema kijana wake amepumzika tangu jana, vitabu hajavigusa kabisa.

Tangu jana! Wametuacha nyuma siku nzima. Nimekokotoa. Tukianza kesho saa kumi na moja alfajiri, tutawapita kabla ya Alhamisi.