Bafle Zilizotoa Jasho

Siku Prezida wa ushirika wa mpunga aliponyamazishwa mbele ya watu, ilikuwa Jumamosi saa tisa mchana, kwenye arusi huko Muganza, na aliyemnyamazisha alitumia kidole kimoja tu.

Prezida, Mzee Habiyaremye, alikuwa katika dakika ya arobaini ya hotuba. Alishafika pale anapopapenda, miaka yake kumi na minane ya kupakia saruji ya kiwanda cha hapo Muganza kwenye malori, mifuko mgongoni, hadi wakulima walipomchagua awaongoze. Tangu siku hiyo hajabeba tena hata kikombe chake mwenyewe, lakini hilo halimo katika hotuba. Maharusi walikuwa wamekaa kama washtakiwa. Wali ulikuwa unapoa. Ndipo DJ, mtu wa Bukavu aitwaye Mirindi, akasukuma kitufe polepole, na muziki ukapanda ukamfunika Prezida kichwa na tai. Watu wakainuka kucheza. Mzee akabaki anafungua na kufunga mdomo kama samaki sambaza kwenye beseni.

Mirindi alingojea matusi. Wakubwa wetu wana mazoea ya kusikilizwa. Wamezaliwa na masikio madogo na mdomo mpana, ni maumbile, tusiwalaumu. Lakini Prezida alizunguka meza, akainama juu ya mashine.

"Ni hii njo imeninyamazisha?"

"Njo hiyo, Mzee. Munisamehe. Maman wa bibi arusi aliniomba, wali unapoa."

"Na muntu mwenye hii, nani anaweza kumukatiza?"

"Hakuna, Mzee. Hata padri."

Habiyaremye akaitazama ile mashine kama mtu anayetazama kiwanja kabla ya kukinyang'anya. "Muntu wa miaka yangu anaweza kuanza?"

Hapo Mirindi akavua kaske masikioni, asipitwe na neno.

Mashine yenyewe inaitwa kontrolere: ubao mweusi wenye sahani mbili za kuzungusha na vitufe katikati. Ilikuwa mali pekee ya Mirindi duniani. Aliipata baada ya miaka mitatu ya kubeba bafle, yaani spika, za wengine, na kwa mashine hiyo alikula, alilipa chumba, na alikuwa mtu. Sasa, muulize DJ mwaminifu mtu anayeanza anahitaji nini, atakujibu kabla hujamaliza kupiga chafya: kontrolere ya kawaida, ordinateri, yaani kompyuta, isiyozimika ovyo, kaske ya masikioni, na bafle mbili ndogo. Mengine yatakuja kazi ikija. Lakini Mirindi hakuulizwa na maskini. Aliulizwa na kiongozi, na kiongozi ukimpa jibu fupi anafikiri umemdharau.

"Mzee," akasema, "kuanza ni kazi ya orodha."

Akaiandika palepale, nyuma ya kadi ya arusi. Bafle kubwa sita. Ampli mbili za kukuza sauti, ya kulia na ya kushoto. Sanduku la kupoza besi. Chujio la vumbi la muziki. Na mwisho kabisa, kontrolere yenyewe.

"Vumbi ya muziki ni nini?"

"Mzee, hapa Muganza, na hii saruji yote? Nyimbo inatoka safi, inafika kwa masikio imechafuka. Munafikiri juu ya nini batu ba hapa banacheza vibaya?"

Prezida akatikisa kichwa kwa uchungu, kama mtu ambaye hatimaye ameelezwa tatizo la wananchi wake.

"Mimi siko muntu wa masomo mingi," akasema. "Lakini nimebeba. Kitu ya kweli iko nzito. Uniletee vitu vizito. Ushirika hauna feza kwa sasa, lakini mchele iko kwa depo. Gunia makumi tatu za mchele safi."

Ule mchele haukuwa wake. Ulikuwa wa wakulima, wamemkabidhi autunze hadi bei ipande, na kila gunia lilikuwa na mtoto wa mtu anayesubiri kurudi shule. Mirindi alilijua hilo. Alilifikiria vizuri, kwa muda wa kutosha kumaliza soda.

Jumatatu alivuka mto Rusizi, ulio mpaka, kwenda Bukavu kwa Ciza, binamu yake, seremala.

"Nitengenezee masanduku kumi," akasema. "Meusi, wavu mbele."

"Na ndani?"

"Zege."

Ciza akaweka randa chini. "DJ, wewe unauza muziki ao unajenga daraja?"

"Mteja anataka uzito."

Wakamimina. Ndani ya sanduku moja tu, nyuma ya wavu, wakaacha nafasi ya kirediyo kidogo cha kuchaji, chenye kupokea nyimbo kutoka kwenye simu, kile ambacho wauza nyanya hutundika kwenye mikokoteni. Saruji ilikuwa ya hukohuko Muganza: ilivuka mpaka ikiwa mfuko, ikarudi ikiwa ampli. Zege lilihitaji wiki mbili kukauka. Mirindi aliliachia siku tatu, kwa sababu kila siku alikuwa anaota mchele.

Alhamisi asubuhi mzigo ulifika kwenye depo ya ushirika. Alipokewa na Béata, mtunza depo, mwanamke mwembamba mwenye ufunguo shingoni. Ufunguo ulikuwa mmoja kati ya miwili. Wa pili ulikuwa kwa Prezida, na wa pili ndio uliokuwa unafanya kazi. Béata akagonga bafle kwa vifundo vya vidole.

"Mzee, hii inalia kama ukuta."

"Béata, wewe uko mtunza depo, hauko enjinia," alisema Prezida. Akakumbatia bafle moja, akainyanyua hadi magotini, mgongo ukalia, akaishusha. Akapitisha kiganja chini ya sanduku. Akakitazama kiganja. Akatabasamu.

"Hiki ni kifaa," akasema.

Mirindi akabonyeza simu, kirediyo kikaimba ndani ya zege. Sauti ilitoka nyembamba, kama mtu aliyefungiwa chooni.

"Ni juu haijazoea hewa ya hapa," Mirindi akaeleza.

"Ntakibazo, hakuna shida. Na ile ya kuninyamazisha, iko wapi?"

"Ile, Mzee, inabaki na mimi kidogo, niipime na…"

"Iko kwa orodha?"

Ilikuwa kwenye orodha. Ilikuwa chambo. Mpango wa Mirindi ulikuwa kuondoka nayo begani. Lakini magunia yalikuwa yamepangwa mbele yake hadi darini, na Prezida mwenyewe alifungua la juu kabisa, akachota, akamwaga kiganjani mwake mchele mweupe, mrefu, unaonukia. Mirindi akanyanyua gunia la pembeni. Zito. Akapiga hesabu ya mtu mwenye njaa: gunia hizi zote, kontrolere moja. Akaivua begani, akaiweka mezani. Mkono ulichelewa kidogo kuachia.

"Sasa tunafanya mambo kwa uwazi," alisema Prezida. "Weka saini hapa: nimepokea magunia makumi tatu ya mchele safi, nimetoa vifaa. Halafu picha."

Kwetu hakuna kinachokabidhiwa bila picha. Ukipewa mbuzi, picha. Ukipewa chandarua, picha, mbu wenyewe wamejipanga nyuma. Mirindi akasimama mbele ya magunia, karatasi kifuani, meno yote nje. Ni picha nzuri. Hajawahi kupendeza vile.

Lori likamfikisha Kamembe, karibu na mpaka, kwa Maman Bernadette, mfanyabiashara wa Bukavu anayenunua mchele upande huu na kuuza upande ule. Maman hakuinuka hata kitini. Alichukua chuma chake chenye mfereji, kile cha kuchoma gunia kujua kilichomo tumboni, akachoma la kwanza. Mchele ukashuka. Akachoma la pili. Yakashuka makapi. Akasukuma zaidi, chuma kikagonga kitu, ko! kikakataa. Akachoma la tatu, la kumi, la ishirini.

"Papa Mirindi," akasema, anafuta chuma kwa kitenge, "hii ni ya kulisha kuku ao ni ya kujenga nyumba ya kuku?"

"Maman, choma tena!"

"Nimechoma zote. Uko na gunia moja ya mchele. Zingine ni makapi, na jiwe katikati ya kutia uzito. Nani amekufanyia hivi? Huyo muntu anajua kazi."

Mirindi akapiga simu kwa hasira ya mtu mwaminifu.

"Mzee! Muko mwizi!"

"Karibu, mwanangu," ilijibu sauti tulivu. "Niko kwa mkutano ya wakulima. Tumetoka kupasua bafle yako moja kwa nyundo. Batu banalia."

"Hakukuwa mchele kwa zile gunia!"

"Saini yako inasema ilikuwa. Na ile picha, unacheka sana." Ukasikika mlango ukifungwa, kisha sauti ikashuka. "Sikiliza. Ule mchele ulishatoka, ulipita mpaka wa Ruhwa kidogo-kidogo tangu mwezi wa tano. Nilikuwa nimekwama, batu banaomba kufunguliwa depo. Mwezi muzima ninaomba Mungu aniletee mwizi. Akaniletea mwenye kuleta na ampli!"

"Sasa mulijua? Tangu wakati gani?"

"Miaka kumi na munane nimebeba saruji, nikose kujua zege bichi? Bafle zako zilikuwa zinatoa jasho chini. Uje uniseme kwa wakulima, ukitaka. Uanze na kuwaeleza zile bafle."

Simu ikakatika. Mirindi akakaa juu ya gunia lake la makapi, na jiwe likamchoma matako.

Kwa hiyo mmeona kosa lake. Alifikiri anamwibia mjinga, kumbe alikuwa anaingia ofisini kwa mtaalamu bila miadi. Wakulima wa ushirika walikosa mchele, watoto wakakaa nyumbani, na mkutano, ulioambiwa kwamba vifaa vilikuwa vya kukodishwa kwa faida ya wote, ukampigia Prezida makofi kwa kugundua wizi kwa haraka. Béata aliinua mkono, akauliza kwa nini depo ilikuwa na makapi mengi hivyo tangu mwezi wa tano. Alijibiwa kwamba swali ni zuri na litaundiwa kamati. Mwenyekiti wa kamati ni Prezida. Ufunguo wa Béata ulichukuliwa, kwa usalama wake.

Miezi miwili baadaye, Bukavu, Ciza alimwonyesha Mirindi video kwenye simu. Arusi nyingine Muganza. Nyuma ya meza, DJ mpya, miwani nyeusi, kaske shingoni juu ya tai: Mzee Habiyaremye. Mbele yake ile kontrolere. Anahutubia juu ya wezi wanaovuka mpaka. Dakika ya hamsini na moja. Wali unapoa, na safari hii hakuna kidole cha kumkatiza.

Mirindi akaisogeza simu karibu na macho. Kontrolere haikuwa na waya hata mmoja. Juu ya sahani ya kushoto kulikuwa na glasi ya Prezida. Juu ya ile ya kulia, mifupa ya mbuzi.

"Hajui hata kuiwasha," akasema kwa sauti ndogo.

"Aiwashe ya nini?" Ciza akamjibu. "Angalia kwa mkono."

Mkononi Mzee alikuwa ameshika mikro, kipaza sauti, ameikamata kwa vidole vyote vitano. Na katika ile orodha yake ndefu, pamoja na chujio la vumbi na sanduku la kupoza besi, mikro ndiyo kitu pekee ambacho Mirindi alisahau kuandika.