Uji wa Oti Jioni

Leo nimejiaibisha mbele ya akina mama wa kanisa, mdomo ukiwa umejaa ugali.

Kisa kinaanzia kliniki. Muuguzi alipima damu yangu, akaniambia mafuta yamezidi. Akanishauri asubuhi niwe nakula uji wa oti: una nyuzinyuzi, unasaidia kushusha mafuta hayo, unakaa tumboni muda mrefu. "Lakini usiumwagie sukari, Baba. Weka ndizi na karanga kidogo." Nikatii. Tena nikazidisha, nikawa naula hata jioni. (Hilo hakulisema. Ni kwamba tangu mke wangu ahamishiwe kazi mbali na kwenda na watoto, ugali wa mtu mmoja unanishinda. Nausonga, naupakua, halafu tunatazamana.)

Hapa mtaani Mamboleo tunapika vibarazani, kwa hiyo jirani anajua unachokula kabla hujala. Juzi jioni Mama Akinyi wa mlango wa pili alichungulia sufuria yangu.

"Uji, Baba Achieng?"

"Wa oti. Ni mzuri kwa mwili."

"Na ugali?"

"Nimeacha kwanza."

Alifunga mlango wake polepole, kama watu wanavyofanya karibu na mgonjwa. Kwetu mwanamume mzima anayekunywa uji jioni ni wa kuombewa.

Leo mchana nikasikia wimbo mlangoni. Akina mama wanaotembelea wagonjwa, kikundi kizima, na mbele yao Mama Akinyi na kapu lililofunikwa.

Wakajaza nyumba. Mmoja alikaa kwenye ndoo. Mwingine akafungua dirisha, mwingine akaosha vikombe bila kuuliza. Nyumba ikawa na kelele. Nilikuwa nimesahau inavyosikika.

"Unaumwa wapi?" akauliza Mama Peris, mkubwa wao kwa umri.

Hapo ndipo ningepaswa kusema siumwi. Lakini wangebeba kapu lao waende kwa mgonjwa wa kweli. Nikasema, "Mwili tu. Umechoka."

Wakaniwekea mikono, wakamwomba Mungu anirudishie hamu ya kula. Nikaitikia amina kwa sauti dhaifu. (Udhaifu huo niliufanyia kazi.)

Kapu likafunuliwa. Ugali wa moto, samaki ngege wa mchuzi, majani ya kunde yaliyolala kwenye maziwa. Walitarajia nidokoe. Nikamega tonge, nikamega jingine, nikafyonza kichwa cha samaki, nikamgeuza upande wa pili. Nilipoinua macho, sahani ilikuwa imebaki miiba.

"Mgonjwa huyu," akasema Mama Peris, "anakula kama mkata miwa wa Muhoroni."

Aliyekaa kwenye ndoo akaanza kucheka.

"Baba Achieng, unaumwa kweli?" akauliza Mama Akinyi.

"Siumwi," nikasema, tonge la mwisho likiwa bado shavuni.

"Sasa mbona hukusema?"

"Mngeondoka."

Kicheko cha kwenye ndoo kikakatika. Mama Akinyi akakusanya sahani bila kunitazama.

"Omera, ndugu yangu," akasema, "asubuhi kula oti yako. Jioni utakula kwangu na watoto. Mboga nyingi, ugali kidogo."

"Na kesho," akaongeza Mama Peris, "utasimama kanisani useme umepona. Tulishakutangaza miongoni mwa wagonjwa."

Kwa hiyo kesho natoa ushuhuda wa kuponywa uji. Nawaomba ninyi mnaosoma haya msinichekee kwenye simu. Njooni mnichekee hapa.